Simu Aliyoikata Mama Fundi

Mama Fundi alifua shuka za watu wasiomjua. Chumba chake cha kazi kilikuwa chini kabisa ya hospitali. Kilikuwa na mashine tatu, meza ndefu ya kukunjia na dirisha moja. Shuka zilishuka chafu, zikapanda safi. Alifanya kazi hiyo miaka kumi na sita. Asubuhi magoti yake yaliamka yakilalamika kabla yeye hajafumbua macho.

Nyumbani walikuwa wawili tu, yeye na binti yake. Tangu utotoni binti huyo alifungua kila kitu chenye skrubu. Akiwa na miaka sita aling'oa mkono wa sufuria ili aone umeshikwa na nini. Kuurudisha kukamshinda. Sufuria ikabaki na mkono mmoja, na mama hakuitupa. Akamwita mtoto "Fundi" kwa kumtania, na jina likaganda. Ndiyo maana majirani nao wakamwita yeye Mama Fundi.

Sasa Fundi alisoma umeme katika chuo cha ufundi, na aliishi bwenini. Kitu kimoja tu kilimsumbua. Alikuwa na pumu.

Siku ya kujiunga na chuo walijaza fomu ya kurasa nne. Waliandika jina, namba ya kitambulisho, namba ya simu ya mzazi, ugonjwa na dawa. Baadaye chuo kikaongeza namba ya chumba chake bwenini. Mama Fundi alitia sahihi bila wasiwasi. Alifurahi kuona chuo kinataka kumjua mwanawe vizuri.

Mwaka wa pili, simu ililia Mama Fundi akiwa kazini.

"Mama, mimi ni daktari wa zamu," sauti ya mwanamume ilisema. "Binti yako wa chumba namba kumi na nne ameanguka. Pumu imembana. Tuma pesa ya dawa sasa hivi. Ukichelewa, mimi simo."

Mtu huyo alijua jina. Alijua chumba. Alijua ugonjwa. Mama Fundi angejuaje kuwa ni tapeli? Alituma chote alichokuwa nacho. Kisha akampigia binti yake. Fundi alikuwa darasani, mzima wa afya, anafunga soketi ukutani.

Simu za namna hiyo zilikuja mara nne zaidi. Leo daktari, kesho polisi, keshokutwa mwalimu. Wahenga walisema, aliyeumwa na nyoka akiona unyasi hushtuka. Mama Fundi akaamua kwamba namba asiyoijua hapokei. Ujumbe wa mtu asiyemjua hausomi, anaufuta. Alikuwa amechoka. Alitaka kufua shuka zake kwa amani, basi.

Alhamisi moja, saa nne asubuhi, namba ngeni ilipiga. Akaikata. Ikapiga tena. Akaikata tena. Ilipopiga mara ya sita aliikata, akaizima simu na kuitia mfukoni mwa aproni.

"Leo mmenikosa," alisema, akaendelea kukunja.

Saa tisa alasiri mhudumu wa wodi alishuka na kikapu cha shuka chafu. Alipomwona Mama Fundi, alisimama.

"Mama Fundi, wewe uko hapa? Na mwanao yuko juu tangu asubuhi?"

"Mwanangu yupi?"

"Fundi, jamani. Nimeingia zamu sasa hivi nikamwona. Yuko ghorofa ya tatu. Ameletwa na muuguzi wa chuo chao."

Mama Fundi alipanda ngazi zote bila kuyakumbuka magoti yake. Fundi alikuwa kitandani, amevalishwa barakoa ya hewa. Hatari ilikuwa imepita. Alikuwa amelalia shuka yenye uzi wa buluu kwenye pindo. Mama yake aliujua uzi ule. Shuka hiyo aliikunja mwenyewe jana yake.

"Nilikuita, mama," Fundi alisema kwa sauti ndogo. "Nilimwambia muuguzi, mpigie mama, atakuja. Kisha pumzi ikakata, sikuweza kumwambia kwamba uko hapa chini."

Mama Fundi alilia. Saa tano nzima mwanawe alikuwa juu akipigania pumzi, naye alikuwa chini anazima simu.

Fundi alipewa wiki moja ya kupumzika nyumbani. Rafiki zake wakamletea habari. Wazazi wengine nao walipigiwa simu za uongo. Hatimaye karani mmoja wa chuo alishindwa kunyamaza, akasema ukweli.

"Kompyuta ya ofisi ya kumbukumbu iliibiwa," Fundi alimweleza mama yake. "Fomu zetu zote zilikuwa humo. Haikuwa hata na neno la siri."

"Lini?"

"Wiki mbili kabla ya simu yako ya kwanza."

"Na wakubwa wa chuo walijua?"

"Walijua. Walibadilisha kitasa cha mlango, wakakaa kimya. Mama, tunataka kuwashtaki. Tuko zaidi ya thelathini."

Mama Fundi alikuwa ameloweka miguu kwenye beseni la maji ya moto. Hakuitoa.

"Umebakiza mwaka mmoja, mwanangu. Wenye cheti ni wao. Wakikuchukia je? Na mimi sina nguvu za kwenda mahakamani. Kusimama nimesimama vya kutosha."

"Basi tumuulize Mheshimiwa."

Mheshimiwa hakuwa mheshimiwa. Alikuwa jirani yao, karani mstaafu wa mahakama. Kwa miaka thelathini kazi yake ilikuwa kutangaza, "Mheshimiwa hakimu anaingia, simameni!" Mtaa ukampa jina hilo, naye hakulikataa. Walimkuta kibarazani, anafuta miwani kwa ncha ya shati.

"Shikamoo, mzee," Fundi alisema.

"Marahaba, Fundi. Umepona? Kaeni. Mahakamani tu ndiko watu husimama."

Walimsimulia yote. Mheshimiwa alisikiliza hadi mwisho bila kuwakatiza.

"Mimi si wakili," alisema. "Lakini nimeona kesi nyingi, nyingine hadi zikazeeka pamoja nami. Kwanza niambie, Mama Fundi. Ujumbe wa hao matapeli unao?"

"Nilifuta wote. Ulikuwa unanitia kichefuchefu."

"Pole. Huo ulikuwa ushahidi. Mtu akikutapeli, usifute kitu. Lakini usijali sana. Nenda kampuni ya simu na kitambulisho chako. Omba orodha ya simu zilizoingia kwako. Tarehe na saa zitaonekana. Katoe na taarifa polisi."

"Halafu tunashtaki?" Fundi aliuliza.

"Punguza mwendo, binti yangu. Mahakamani si dukani, useme nipe mkate, uondoke nao. Kwanza andikeni barua kwa chuo, wote pamoja. Ulizeni nini kiliibiwa, lini, na wao wamefanya nini. Wapeni siku kumi na nne. Siku hizi nchi nyingi zina sheria ya kulinda taarifa za watu, na ofisi ya kupokea malalamiko. Pelekeni nakala huko. Chuo kikinyamaza, ndipo mnakwenda mahakamani."

"Chuo kitasema mwizi ndiye mwenye makosa," Mama Fundi alisema.

"Watasema. Na mwizi ana makosa kweli. Lakini ukipewa mali ya mtu kuitunza, lazima uitunze. Jina lake na ugonjwa wake ni mali yake. Mahakamani mtaonyesha mambo matatu. Kwamba taarifa zenu walikuwa nazo wao. Kwamba walizembea. Kwamba ninyi mmeumia kwa sababu hiyo."

"Itachukua muda gani?"

"Mwaka, pengine zaidi. Itaahirishwa hadi mchoke. Mnaweza kushinda, mnaweza kushindwa. Sitakudanganya."

"Na mwanangu wakimfelisha?"

"Kumwadhibu mtu kwa kudai haki yake ni kosa jingine. Ndiyo maana muwe wengi, na muwe na wakili. Iko ofisi ya msaada wa kisheria, haitozi wasio na uwezo. Lakini kukunjiwa uso, hilo siwezi kulizuia."

Mama Fundi alitazama chini. Mheshimiwa akavaa miwani.

"Kuna jambo moja halingoji hakimu," alisema. "Fanyeni leo. Namba ngeni ikipiga, pokea. Sikiliza. Usitume kitu. Kata, kisha piga wewe kwa namba ya chuo unayoijua. Tena, muwe na swali lenu la nyumbani. Jibu lake lisiandikwe kwenye fomu yoyote. Anayepiga ukimuuliza, akababaika, huyo ni tapeli."

Mama na binti walitazamana. Swali walikuwa nalo tayari, liko jikoni.

Barua iliandikwa. Mama Fundi aliomba ruhusa ya saa mbili kazini, akaenda na Fundi kuipeleka. Alivaa sare yake ya kazi, maana muda wa kubadili nguo hakuwa nao. Mkuu wa chuo aliwapa viti. Alikuwa mtu mpole, na macho yake nayo yalionyesha uchovu.

"Mama, hata sisi tumeibiwa," alisema. "Mshtakini mwizi. Chuo hiki hakina fedha za kwenda mahakamani. Mnataka tukifunge?"

"Sitaki mkifunge. Binti yangu anasoma hapa. Kwa nini hamkutuambia?"

"Hatukutaka kuwatia wazazi hofu."

"Hofu nilikuwa nayo, mwalimu. Nilichokosa ni habari." Sauti yake haikupanda. Hakuwa na nguvu ya kuipandisha. "Mwizi aliiba kompyuta. Lakini kunyamaza mlinyamaza wenyewe. Ningejua mapema, ningejua namna ya kupokea simu. Muuguzi wenu alinipigia mara sita. Niliikata mara sita."

Mkuu alivuta karatasi moja, akairudisha palepale. "Tutalishughulikia," alisema.

Siku kumi na nne zilipita bila jibu. Siku ya kumi na tano Fundi alileta karatasi za wakili. Wanafunzi sita walikuwa wamejitoa kwa woga. Walibaki thelathini na mmoja. Palihitajika pia shahidi mzazi.

"Usilazimike, mama," Fundi alisema. "Najua umechoka."

"Nimechoka kweli," Mama Fundi alijibu. "Leta kalamu."

Kesi ilikuwa kama Mheshimiwa alivyosema. Iliahirishwa mara tatu. Mara wakili wa chuo anaumwa, mara faili halionekani. Kila mara Mama Fundi aliomba ruhusa, na kila mara msimamizi wake aliguna. Chuoni, mwalimu mmoja aliacha kumwitikia Fundi salamu. Jioni moja Mama Fundi alimwambia Mheshimiwa kwamba anajuta. Mheshimiwa hakumbishia. Alisema tu, "Tarehe ijayo ni Jumanne."

Jumanne hiyo alitoa ushahidi. Orodha ya kampuni ya simu ilisomwa mbele ya hakimu, saa na dakika. Simu sita kutoka kwa muuguzi. Mkuu wa chuo alikuwa ameinamisha kichwa.

Mwezi wa nane wa kesi, chuo kiliomba mapatano mbele ya hakimu. Kilikiri uzembe wake kwa maandishi. Kila mwanafunzi na kila mzazi aliandikiwa barua ya kuelezwa nini kiliibiwa. Kompyuta mpya ilifungwa kwa neno la siri, na watu wawili tu walilijua. Taarifa za ugonjwa zilitolewa ofisini, zikakaa kwa muuguzi peke yake. Kila mwanafunzi alipata fidia. Haikuwa ya kujengea nyumba. Fundi alinunua viatu vya mpira vya kazi, na viatu laini vya mama yake vya kusimamia.

Ikabaki miezi miwili Fundi afanye mtihani wa mwisho. Mama Fundi alikuwa mezani kwake, anakunja. Simu ikalia. Namba ngeni.

Mkono wake ulitaka kuikata. Akapokea.

"Mama Fundi, mimi ni muuguzi wa chuo, natumia simu ya dereva," mwanamke alisema. Nyuma yake gari lilinguruma. "Fundi alishaniambia, uliza swali lako kwanza."

"Sufuria ya kwetu ina mikono mingapi?"

"Ngoja nimuulize. Pumzi inamkata." Mama Fundi aliibana simu sikioni. "Anasema, mmoja."

"Mko wapi?"

"Njiani. Dakika kumi tunafika hapo hospitali."

Mama Fundi aliacha shuka mezani. Alipanda ngazi na viatu vyake laini, akawaambia wauguzi wa mapokezi, wakaandaa hewa na kitanda. Kisha akatoka akasimama mlangoni.

Gari lilipofika, Fundi alikuwa ameegemea kiti cha nyuma, mkononi ana pampu yake. Mlango ukafunguliwa. Alinyanyua macho, akaona aproni.

"Mama," alisema kwa shida. "Umeshafika?"

"Nimeshafika, mwanangu. Usiongee. Pumua."