Kitambaa cha Mashine ya Oksijeni

Mashine ya oksijeni ilipoletwa nyumbani, Bibi aliifumia kitambaa. Kwake kila chombo cha thamani kilivaa kitambaa: redio, televisheni, hata birika la chai. Hiki alikifuma kwa uzi wa buluu, akaifunika mashine mpaka chini. Alitaka vumbi lisiingie, na ngurumo ipungue ili mumewe apate usingizi.

Mumewe alikuwa fundi wa kuchomelea vyuma. Moshi wa miaka mingi ulikuwa umekula mapafu yake. Mwanzoni mashine ilimpa nafuu, akarudia utani wake. Kisha pumzi zikaanza kukatika. Midomo ikapauka.

"Gesi yake imeisha," Mzee alinong'ona. "Kule karakanani tulikuwa tunajaza mtungi. Huu utajazwa wapi, mama watoto?"

Bibi akapiga simu zahanati, akasema gesi ya mtungi imeisha. Akaja fundi wa mitambo, msichana mpole. Alimwamkia Mzee, kisha akaondoa kitambaa. Mashine ilikuwa ya moto.

"Huu si mtungi, bibi," alisema taratibu. "Inavuta hewa hii hii tunayovuta sisi."

Akaeleza kwamba hewa ina nitrojeni nyingi na oksijeni kidogo. Ndani ya mashine mna mirija miwili minene, imejaa chembe kama changarawe. Hewa ikisukumwa humo kwa nguvu, chembe hunasa nitrojeni, na oksijeni hupita kwenda kwa mgonjwa. Nguvu ikiachiwa, chembe huitema nitrojeni nje, tayari kunasa tena. Mrija mmoja ukinasa, mwenzake unatema.

"Sasa ukiifunika, itavutia wapi?"

Bibi akakaa chini. "Kumbe nilikuwa namziba mume wangu pua."

"Usilie," Mzee alisema. "Nimekabwa na kitambaa kizuri."

Msichana akasafisha chujio la vumbi. Akaisogeza mashine mbali na ukuta, na mbali na mvuke wa jikoni, maana unyevu huharibu zile chembe. Akaonya kuhusu moto na sigara. Jioni midomo ya Mzee ilirudi rangi yake. Kitambaa kikahamia mabegani mwake.

Lakini mashine haiponyi mapafu. Mzee alifariki asubuhi moja, mkono wake katika mkono wa mkewe, bila kuhangaikia pumzi.

Zahanati ilipoichukua mashine kumpelekea mgonjwa mwingine, Bibi aliomba kufuatana nayo. Walipofika, mke wa mgonjwa alikuwa tayari ameshika shuka safi, anataka kuifunika. Bibi akamshika mkono.

"Iache wazi, mwanangu," alisema. "Iache ivute."

Mashine ikaanza kunguruma. Bibi akasimama palepale, akaisikiliza mpaka rangi ikarudi midomoni mwa mume wa mtu.