Aliyechota Ndiye Huonja

Jua lilikuwa linazama Shemeji aliposimamisha lori na kunikabidhi dumu tupu.

"Nyumba ile yenye taa. Kachote maji ya kunywa. Ukiulizwa, sema umetumwa."

Shemeji, mume wa dada yangu, alikuwa na kiu isiyo na adabu. Akiendesha, chupa mapajani. Akilala, ndoo kando ya kitanda. Madereva wenzake walimwita Pipa Bovu, na bado midomo yake ilikuwa imepasuka siku zote. Lakini ndiye aliyenitafutia kazi nilipokuwa nazurura mtaani. Kwa hilo ningemchotea maji hata kuzimu.

"Si uende mwenyewe, shem? Au mwenye nyumba anakudai mapenzi?" nikamtania.

Hakucheka.

Nyumba ilikuwa peke yake. Hakuna jirani, hakuna hata mbwa wa kubweka. Mlangoni palinuka udongo uliolowa mvua... na mvua tuliisahau zamani. Ndani tone lilikuwa likidondoka. Tto... tto...

"Hodi!"

"Umekuja mwenyewe, au umetumwa?" Sauti ya mwanamke, ya chini.

"Nimetumwa, mama."

Tone likakoma.

Mkono ukatoka gizani, ukachukua dumu. Mkono mkavu, umepasukapasuka kama tope la bwawa lililokauka. Miguu yangu ilitaka kukimbia, mimi nikaona haya. Sikusikia kata wala ndoo. Dumu likarudi limejaa, la baridi.

"Mwambie nimekupokea," akanong'ona.

Nilirudi mbio, maji yakinimwagikia miguuni. Sasa, sisi watu wa lori tuna desturi yetu: maji ya njiani, aliyechota ndiye huonja, wenzake wajue ni salama. Shemeji hakuwahi kuijali. Siku zote alikuwa akininyang'anya dumu kabla sijafungua mfuniko. Jioni ile alisimama mbele ya taa za lori, mikono nyuma.

"Onja."

"Mwenye kiu ni wewe."

"Onja, ndugu yangu."

Ndugu yangu! Hajawahi kuniita hivyo.

Nikaonja. Yalikuwa matamu ajabu. Nilipoteremsha dumu, koo likanikauka hapo hapo. Nikanywa tena... na tena... Tumbo lilijaa, kiu ikabaki palepale.

Nikamtazama Shemeji. Midomo yake ilikuwa imelowa. Alikuwa analia, na kila chozi likifika mdomoni alililamba, akitabasamu.

"Shem... umenifanya nini?"

"Na mimi nilitumwa vilevile." Hakuthubutu kuniangalia. "Mwili ulikuwa unaniishia kwa kiu. Nina watoto, nisamehe."

Watoto hao ni wapwa wangu, niliowabeba mgongoni mimi huyu huyu! Nilitaka kumkaba, lakini mikono ilikuwa imeshalikumbatia dumu.

Njia nzima nilijifariji kwa neno moja tu: Dada. Mama alipofariki, ndiye aliyenilea. Akisikia, mwanamume huyu hatalala tena nyumbani kwake. Na kama kuna dawa, Dada ataitafuta hata kwa miguu.

Tulifika asubuhi. Dada akafungua mlango. Hakunitazama mimi kwanza. Aliitazama midomo ya mumewe, akaigusa kwa kidole, akashusha pumzi ndefu.

"Dada, huyu mumeo..."

"Ingia upumzike, mdogo wangu. Nimekutandikia."

Nikaingia kwenye chumba changu, nikajilaza. Kando ya godoro palikuwa na ndoo mbili mpya, zimejaa pomoni, zimefunikwa kwa kitambaa safi. Juu yake kata.

Nilikuwa sijasema neno kuhusu kiu.

"Dada... ulijua?"

Alipiga magoti, akachota, akaninyanyua kichwa kwa mkono mmoja, vilevile kama nilipokuwa mtoto mwenye homa. Nilimchukia, wallahi, nilimchukia kuliko mumewe. Kutoka ndani ya ndoo ya pili, ambayo hakuna aliyeigusa, nikasikia tone lile lile. Tto...

"Kunywa kwanza," akasema Dada.

Nikanywa.