Uongo Alioula Ukweni

"Kwa hiyo vidonda vya tumbo vimepona?"

Respicius aliinua uso, mshikaki ukiwa mdomoni na pilipili imemjaa vidoleni. Lydia, mchumba wake, alikuwa amesimama mbele ya meza yake kwenye kibanda cha nyama choma, Ipagala. Harusi ilikuwa imebaki wiki tatu.

Miezi minane nyuma, siku ya kwanza kupelekwa ukweni Msalato, Respicius aliandaliwa ugali wa uwele na mboga ya mlenda. Yeye ni mtu wa Bukoba, amekulia ndizi. Alipouona mlenda unavutika, akarudisha mkono. Badala ya kuonja, akasema daktari amemkataza, ana vidonda vya tumbo. Mama Anyesi, mama yake Lydia, akamwonea huruma. Tangu hapo kila akienda alitengewa wali laini na maziwa, na kabla ya kula mama alimwombea apone. Respicius aliitikia "Amina" huku macho yakiwa chini. Mara ngapi alikusudia kusema ukweli, na kila mara sahani ikawahi kufika.

"Lydia, kaa tuongee."

"Mwaka huu mvua imetunyima. Unajua yale maziwa yalitoka wapi? Mama alikwenda kuyaomba kwa wafugaji, Respi. Kuomba."

"Niliogopa kuwaudhi."

"Hukuogopa. Uliona kinyaa. Chakula tulichokulia sisi ulikionea kinyaa, ukamwacha mama akuombee."

Akaondoka. Baadaye ukaingia ujumbe: "Usije tena nyumbani. Mama nitamwambia mwenyewe."

Siku mbili alipiga simu bila kupokelewa. Jumamosi asubuhi akapanda bodaboda hadi Msalato, akamkuta Mama Anyesi uani akichambua majani ya mlenda.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Tumbo linaendeleaje?"

Lydia alikuwa hajathubutu kumwambia. Respicius akapiga magoti palepale.

"Mama, sikuwahi kuumwa. Nilishindwa kula mlenda, nikakudanganya."

Mikono ya mama ilisimama.

"Ungesema tu huwezi," alisema hatimaye. "Ningekuelewa. Sasa katika yale maombi nilimpelekea Mungu ugonjwa gani?"

Respicius aliomba apewe mlenda siku ile ile, ale mbele yake. Mama akakataa, hakutaka mtu ale chakula chake kama adhabu. Akamsogezea ungo, achambue naye. Lydia alitoka ndani, macho mekundu, akawatazama, kisha akakoka moto.

Mchana walikula pamoja. Respicius alimega tonge, akachovya, akameza kwa shida.

"Vipi?" Lydia aliuliza.

Uongo ulimjia mdomoni, mwepesi kama siku zote. Akaumeza nao.

"Bado sijaupenda."

Lydia alimtazama sana.

"Basi usimalize," akasema, akaichukua sahani ya Respicius na kuendelea kula pale alipoachia. "Harusi iko palepale."

Mama Anyesi alimmiminia Respicius maji, akamnawisha mikono yeye mwenyewe, na Respicius akashindwa kuinua uso.