Uyoga wa Nyuma ya Maktaba

Nyumbani kwetu Astoria, mji wa wavuvi kwenye pwani ya baridi, Jumamosi ni siku ya supu ya uyoga. Bibi yangu, Lempi, huwasha jiko, mdogo wangu Arvo hupanga vijiko mezani, nami hukata vitunguu huku machozi yakinitoka. Baba huwa baharini akivua kaa. Uyoga hutoka mahali pa Bibi msituni, na mahali hapo hapatajwi. Ndivyo tulivyo sisi Wafini wa hapa, wajukuu wa wahamiaji: tutakugawia samaki, tutakuazima hata mashua, lakini ukituuliza tunachuma wapi uyoga, tutatazama mawingu na kusema mvua inakuja. Babu alikufa hajui.

Mwaka ule magoti ya Bibi yalikuwa yamevimba, na macho yake yalikuwa yakisubiri kupasuliwa mtoto wa jicho. Kwa hiyo alinituma mimi, Kerttu, peke yangu. Nilikuwa na miaka kumi na miwili na nilijiona mkubwa kweli. Lakini siku ile ya Novemba mvua ilikuwa kali, njia ya msituni ilikuwa tope tupu, na rafiki yangu Tuula alikuwa ananingoja twende kuogelea kwenye bwawa la mjini. Nilipopita nyuma ya maktaba, niliona uyoga umejaa tele kwenye vibanzi vya mbao vilivyomwagwa kuzuia magugu. Ulikuwa wa kahawia. Wa Bibi pia ni wa kahawia. Nikajaza kikapu kwa dakika tano.

"Umerudi upesi," Bibi alisema. "Umechuma kwetu kweli?"

"Ndiyo, Bibi. Kwetu."

"Una miguu ya sungura wewe! Haya, kata."

Nilipokuwa nakata, mashina yakaanza kugeuka buluu pale nilipoyabana kwa vidole. Nikafikiri ni jamu ya Arvo imebaki kwenye kisu. Nikakiosha kisu. Buluu ikarudi. Badala ya kuuliza, nikatupa ule uliopondeka kwenye ndoo ya takataka, nikaumimina uliobaki wote sufuriani.

Mimi nilikunywa vijiko viwili tu kwa haraka ya kwenda kuogelea. Bibi na Arvo walimaliza bakuli zao.

Baada ya nusu saa hivi, nikiwa bado natafuta nguo yangu ya kuogelea, Arvo alianza kucheka. Alisema maua ya kitambaa cha meza yanapumua. Nikataka kumwambia aache upuuzi, lakini nilipoyatazama, nami nikayaona yakipanda na kushuka. Bibi alikuwa anaongea na birika, akiliita kwa jina la dada yake aliyefariki zamani. Nikatazama saa ya ukutani: saa saba na dakika kumi. Nikakaa, nikahisi nimekaa mchana kutwa, nikatazama tena. Saa saba na dakika kumi na moja. Sikuelewa kitu.

Kisha kicheko cha Arvo kikawa kilio. Alitokwa na jasho, mboni zake zilikuwa kubwa na nyeusi, na alipojaribu kusimama akaanguka. Hapo woga ukaniingia. Nikapiga simu ya dharura. Sikumbuki nilisema nini, ila walikuja.

Aliyeingia kwanza ni mhudumu mmoja wa gari la wagonjwa anayeitwa Denise, mwanamke mrefu aliyelowa mvua. Akapiga magoti mbele ya Arvo.

"Jina lako nani, mwanangu?"

"Mimi ni kiatu," Arvo alijibu, akilia.

Denise akatazama sufuria. "Mama, uyoga huu mmeutoa wapi?"

Bibi, pamoja na kuchanganyikiwa kote, akakaza shingo. "Mahali petu hapatajwi. Hata marehemu mume wangu sikumwambia, nikuambie wewe unayenichafulia sakafu?"

"Mama, nisikilize. Kuna uyoga unaovuruga akili, na huo hupita baada ya saa kadhaa. Kuna mwingine mdogo wa kahawia unaoota kwenye mbao zilezile, na huo huua ini. Aliyekula huo anaweza kuonekana mzima nusu siku nzima, kisha hali ikabadilika. Lazima nijue."

"Hapatajwi!"

Nikasema ukweli. Yaani nilidhani nimesema. Nilijisikia nikieleza yote, maktaba, vibanzi, buluu, lakini Denise bado alikuwa anamtazama Bibi. Kumbe midomo yangu haikufunguka. Sikujua kilichonifunga ulimi ni uyoga au aibu. Arvo akaita jina langu. Nikapiga kelele:

"Nyuma ya maktaba! Kwenye vibanzi! Nilidanganya! Mabaki yako kwenye ndoo ya takataka!"

Denise akaichukua ndoo, nasi sote tukapelekwa hospitali.

Jioni vichwa vyetu vilikuwa vimetulia. Daktari alisema mtaalamu wa uyoga ameyachunguza yale mabaki. Aina hiyo hupenda pwani yetu yenye ubaridi. Nyuzi zake nyeupe hula mbao zinazooza, kwa hiyo husafiri pamoja na vibanzi mpaka bustanini. Ndani yake mna kwa wingi kemikali iitwayo silosaibini, ambayo mwilini hufanana na kemikali moja ya ubongo, na ndiyo maana macho na masikio huanza kutudanganya.

"Lakini hatukuuona wote mlioula," aliongeza. "Uyoga mmoja tu wa ile aina nyingine unaweza kuwa uliingia sufuriani. Tutapima damu zenu kwa siku mbili."

Siku mbili! Kila muuguzi alipomchoma Arvo sindano, nilihisi nachomwa mimi. Jumatatu mchana daktari akaja akitabasamu. Maini yetu yalikuwa salama.

Bibi hakunigombeza, na hilo ndilo lililoniuma. Alinishika mkono.

"Mimi nina kosa langu, Kerttu. Niling'ang'ania siri hata mtoto alipokuwa hatarini. Lakini wewe hukuficha mahali, ulificha kosa. Ulidhani unamdanganya bibi yako asiyeona vizuri. Kumbe ulikuwa unamdanganya daktari kabla hajafika, na mgonjwa ni ndugu yako. Mficha maradhi, kifo humuumbua. Ukikosea, sema palepale. Na kitu usichokijua usikile, wala usimlishe mtu."

Nikalia kwa kwikwi. Arvo alinitazama kutoka kitandani, kisha akanisogezea bakuli lake la uji.

"Kula," alisema. "Hauna uyoga. Nimeuliza."