Mbwa Hafungwi Shingoni

Watu walikuwa wameizunguka Landrova ya idara ya mifugo mbele ya posta ya Bomani, mjini Tarime, na kila aliyefika alicheka kabla ya kuuliza. Kwenye kiti cha abiria alikaa mbwa mwekundu mwenye sikio lililochanika, ametulia, anatazama mbele kama mheshimiwa anayesubiri kufunguliwa mlango. Ilikuwa siku ya soko, mwaka wa sabini na tano.

Sabaha binti Shaaban alitoka posta saa sita kwenda kula. Alikuwa opareta wa simu, msichana wa miaka ishirini na mbili. Siku hiyo alivaa gauni la bluu lenye maua madogo, mtandio mweupe, na viatu vya kisigino ambavyo baba yake, fundi cherehani na mshika funguo za msikiti, alijifanya havioni. Dereva wa ile Landrova alishuka mbele yake. Kijana mrefu, shati la kaki limekunjwa mikono, suruali ya bugaluu imejaa vumbi mpaka magotini.

"Dada, samahani. Naomba maji."

"Ya kunywa wewe au mwenzako?"

"Mwenzangu kwanza. Mimi naweza kusema nina kiu, yeye hawezi."

"Chombo changu hakinywewi na mbwa."

"Sijaomba chombo, nimeomba maji." Alitoa kopo la Kimbo lililobonyea. "Chombo chake anacho."

Sabaha alijikuta anarudi ndani kuchota maji. Aliporudi aliuliza mbona mbwa amepandishwa mbele kama mke wa mtu.

"Huyu ni wa Bibi Wegesa wa Nyansurura. Nyuma hakai. Ana woga, akiona mbuzi anaruka." Dereva alimshikia mbwa kopo mpaka akamaliza. "Mbwa wa gari hafungwi shingoni, dada. Anafungwa kifuani, kwa mkanda mfupi, aweze kulala na kuinuka lakini asifike ukingoni. Asubuhi ya safari halishwi. Na humwachi juani vioo vimefungwa, hata kama unakwenda kununua kiberiti tu."

"Na mimi nikisafiri nawe, utanifunga wapi?"

"Wewe hutataka kuruka."

Jina lake lilikuwa Odera. Miaka ile watu walihamishwa kutoka kwenye makazi yao ya milimani wakapelekwa vijiji vya ujamaa kando ya barabara. Malori yalibeba watu, vyungu na milango ya nyumba. Mbwa hawakuandikwa kwenye orodha yoyote. Walibaki mahameni wakilinda nyumba zisizo na watu, njaa ikawashika, wakaanza kuuma. Amri ikatoka wapigwe risasi. Odera ndiye aliyeomba wale wenye wenyewe waletwe Tarime, wachunguzwe kama wana kichaa, halafu warudishwe. Mkubwa wake alimjibu kwamba kama anawapenda hivyo, awabebe yeye. Bibi Wegesa alikuwa mjane asiye na mtoto, na alikubali kumtoa mbwa wake baada tu ya Odera kumwapia kwamba atamrudisha kwa mkono wake mwenyewe.

Wiki ile ile simu zilianza, kila kazi ilipompeleka Odera Mugumu.

"Tarime, hapa Mugumu."

"Unataka namba gani?"

"Ya opareta."

"Opareta hana namba."

"Basi nitaongea naye hivyo hivyo. Hujambo, jaber?" Kwa Kijaluo ni mrembo, na Sabaha alikuwa ameshaulizia maana yake kwa watu watatu.

"Sijambo. Umenawa mikono?"

"Mara saba, moja kwa udongo. Mzee mmoja wa msikiti wa huku amenifundisha."

"Simu haipitishi mate ya mbwa, Odera."

"Najua. Lakini baba yako akiniuliza siku moja, nataka nimwambie kwamba hata kwenye simu nilinawa."

Sabaha alicheka akiwa ameziba mdomo, maana mkuu wa posta alikuwa anapita. Kisha akasema kwa sauti ya kazi, "Dakika tatu zimekwisha," akachomoa waya, na uso wake ukabaki na moto mpaka jioni.

Mzee Shaaban hakuwa mtu mgumu. Odera alipomwendea kueleza nia yake, alisema kijana akikubali kusilimu, na dada yake Mwanne aliyeko Mugumu akimridhia, basi Ijumaa ya mwisho wa mwezi ujao aje na wazee wake msikitini, posa ipokewe mbele ya watu. Odera alikubali yote. Wazee wake walinuna siku mbili, siku ya tatu wakaulizia kofia.

Ikabaki safari ya kwa shangazi. Mbwa wa Bibi Wegesa alikuwa ameonekana mzima na siku yake ya kurudi imefika, na Nyansurura iko njia hiyo hiyo ya Mugumu. Sabaha alifika ofisi ya mifugo asubuhi akiwa na gauni jeupe jipya ambalo baba yake alilishona kwa mikunjo mikononi, harufu ya udi nguoni, na sanduku la bati lenye zawadi za shangazi. Mbwa alikuwa ameshakaa mbele.

"Mimi nakaa wapi?"

"Pembeni yake. Hana neno."

"Hana neno, ana mate." Sabaha alicheka, halafu akaacha. "Odera, shangazi atanikagua mpaka kucha. Nina udhu. Nifike nimelambwa? Siku moja tu, mpenzi. Mweke nyuma."

Neno la kujibu lilikuwa moja na fupi. Odera alikuwa nalo mdomoni. Lakini alimtazama msichana alivyopendeza, akaona aibu kumkatalia jambo dogo siku kubwa kama ile. Mwanamume akishapenda hupenda pia kuonekana mwema, na ugonjwa huo umeharibu nyumba nyingi.

"Sawa. Kwa ajili yako."

Alimhamishia mbwa nyuma. Mkanda wa zamani ulikuwa umekatika, naye alikuwa ameshona mpya ambao mbwa hajauvaa bado. Akalitazama lile sanduku, jinsi litakavyorushwa na mashimo. Kamba nyingine iliyokuwepo ilikuwa imelowa grisi, ingelichafua. Basi mkanda mpya akalifungia sanduku, na mbwa akamfunga kwa kamba ya grisi, shingoni, akamwachia urefu kidogo kwa kumhurumia.

Walipita Kewanja, wakavuka daraja la Mto Mara. Sabaha alikuwa anamfundisha shahada, naye anaikosea makusudi ili arudiwe polepole. Walichagua majina ya watoto wanne. Kwenye mlima wa kuingia Nyansurura mbuzi walikatiza, Odera akafunga breki, wakasikia kitu kimegonga bodi.

"Sanduku hilo?" Sabaha aliuliza.

"Sanduku nimelifunga vizuri," Odera alisema, wakaendelea.

Bibi Wegesa alikuwa amesimama kando ya barabara, amevaa kaniki safi, ameshika kibuyu cha maziwa. Alikuwa hapo tangu alfajiri. Gari liliposimama hakumtazama dereva. Alitazama ubavuni mwa gari, mahali mbwa wake alipokuwa ananing'inia, miguu haifiki chini. Ndani ya bodi sanduku halikuwa limesogea hata kidogo.

"Tata," alimwambia Odera, kama Wakurya wanavyomwita mtu wa kumheshimu, "ulisema utamleta."

"Nilisema, bibi."

"Umemleta."

Aliweka kibuyu chini, akaanza kufungua fundo kwa vidole vyake. Lilikuwa limekaza. Sabaha alishuka mbio kumsaidia, machozi yanamtoka. Bibi alimtazama gauni.

"Wewe acha," alisema bila ukali. "Utachafuka."

Kutoka hapo mpaka Mugumu Odera aliendesha macho yakiwa barabarani tu. Alimteremsha mlangoni kwa shangazi, akampa sanduku, akaondoka. Shangazi Mwanne alifurahi na zawadi, akamkagua mpwa wake mpaka kucha, akasema huyo kijana anaonekana mpole, ameridhia.

Siku kumi na mbili Odera hakupiga simu. Odera alijiona hana haki ya kumpigia mtu akacheka naye wakati bibi kizee analala peke yake. Sabaha alijua tu kwamba amenyamaziwa, na kila alipofumba macho alisikia, kwa ajili yako. Aliumia, halafu akakasirika, kwa sababu hasira inabebeka zaidi. Jumatano kabla ya ile Ijumaa, taa ya Mugumu iliwaka kwenye ubao.

"Tarime," alisema opareta wa Mugumu, "nina dereva wa mifugo hapa, anakutaka wewe. Anasema ni haraka sana."

Anataka kuniacha, aliwaza. Anataka kuniachia kwenye simu, nikiwa kazini, watu wananitazama.

"Mwambie laini ni mbovu," alijibu, akachomoa waya.

Ijumaa Mzee Shaaban alikaa kwenye baraza la msikiti na wazee wenzake, kanzu imepigwa pasi, kuanzia baada ya sala mpaka alasiri. Hakuja mtu. Alikunja mkeka mwenyewe, na nyumbani akasema, "Jina hilo lisitajwe tena kwangu." Odera alipofika Tarime Jumanne iliyofuata, alimkuta mzee mlangoni na futi ya kupimia shingoni. Aliambiwa Sabaha mwenyewe hataki kumwona. Kwa vile alikuwa ameshazoea kujihukumu, aliamini. Mwezi haukuisha, Sadick, mwuza vitambaa wa Musoma, akaleta posa ikapokelewa. Sabaha hakusema ndiyo wala hapana.

Siku yake ya mwisho kazini, mikono imepakwa hina, taa ya Mugumu iliwaka. Aliijua sauti kabla haijataja jina.

"Nimesikia ni Jumapili," Odera alisema.

"Ndiyo."

"Sikupigi kukuharibia. Nataka ujue tu kwa nini sikuja. Bibi Wegesa alitoroka kijijini, akarudi mahameni peke yake. Mgambo walikuwa wanamtafuta kwa fimbo. Nilitaka niwahi mimi. Nilimpata Ijumaa mchana, amekaa mlangoni pa nyumba isiyo na paa. Nilimrudisha nimemkalisha mbele, pale pa mbwa wake. Jumatano nilipiga simu nikuombe tusogeze wiki moja. Wakasema laini mbovu."

Sabaha alitazama mikono yake.

"Laini haikuwa mbovu. Ni mimi."

"Wewe? Kwa nini?"

"Nilidhani unaniacha," alisema. "Nikaona nitangulie. Ulinilaumu, Odera?"

"Nilijilaumu mimi."

"Na mimi kidogo?"

"Na wewe kidogo," Odera alikiri.

"Ungeniambia hapana, ningekaa nyuma mimi. Na gauni langu jeupe, ningekaa. Hukuniuliza. Ulikata shauri peke yako, halafu ukasema ni kwa ajili yangu."

"Ndiyo." Alivuta pumzi. "Safari hii nakuuliza, jaber. Gari ninalo. Nije nikuchukue?"

Sabaha alimwona baba yake anakunja mkeka mbele ya wazee wenzake. Aliona atakavyoukunja mara ya pili, Jumapili, na nyumba imejaa wageni. Alimpenda Odera kuliko alivyowahi kumpenda, na alijua jibu ni hapana, na hakuweza kulitamka.

"Dakika tatu zimekwisha," alisema kwa sauti ya kazi, akachomoa waya.

Alitazama saa ya ukutani. Zilikuwa zimepita dakika mbili na kidogo. Taa ya Musoma ikawaka, akaiitikia.