Kisima cha Ukurasa wa Mwisho

Wino ulikataa kukauka. Mchoraji, ambaye wenzake walimwita Rula kwa sababu hajawahi kuigusa rula maishani mwake, aliupuliza ukurasa wa mwisho, akauanika dirishani penye jua, akaugusa kwa kidole. Mbichi! Tena ulinuka maji yaliyolala.

Miaka kumi na minane alikuwa akichora jarida la Ngao, shujaa wa kofia ya chuma anayepambana na Jini wa Kisimani. Kila mwezi jini humvuta mtu kisimani, hadithi inakatika wasomaji wakiwa roho juu, na toleo linalofuata Ngao anamwopoa. Kwa utani, Rula aliwatia humo jamaa zake. Shemeji yake alizama mara tano na bado yupo, anakula kwa watu bila kukaribishwa. Safari hii aliyezama ni mama yake mzazi, na mwenyewe ndiye aliyeomba: "Mbona mimi hunichori? Au sura yangu mbaya?"

Kosa ni kwamba mhariri alikuwa ameagiza toleo la kujitegemea, linaloanza na kwisha humo humo, tena la majonzi. Ngao anachelewa. Hakuna toleo la kuja kumwopoa mtu, aliyezama amezama. Rula alilijua hilo, na sura ya mama akaiacha pale pale. Aa, alijiambia, hii ni karatasi tu!

Saa nne asubuhi dada yake akapiga simu. "Kaka, njoo," alinong'ona. "Mama anatapika maji meusi. Na kuna mtu anacheka chini ya kitanda. Nimeinama, sioni mtu."

Alimkuta mama nywele zimelowa chapachapa, mto mkavu. "Mwanangu," mama akasema, "huku chini baridi." Dada alikuwa ameshamwita mganga, mwanamke mfupi asiye na maneno mengi. Akamshika Rula vidole, akavinusa.

"Umempa jini mtu."

"Nimechora tu, bibi!"

"Miaka yote unampa na kumnyang'anya. Leo umempa moja kwa moja. Kamchore anatoka. Mkono uliomtia ndio utakaomtoa. Ila usimfute."

"Kwa nini?"

"Wee! Nimesema usimfute."

Ofisini, dereva wa kiwanda cha chapa alikuwa mlangoni. "Bosi kasema saa sita juu ya alama, mashine inasubiri. Ikishachapwa imechapwa." Rula akampita. Akaketi, akachora mkono wa Ngao ukishuka kisimani, mstari ukazama kwenye karatasi kama haukuwapo, akachora tena, ukazama tena, akachora kamba, ngazi, hata ndoo, na kila alichochora kilimezwa huku maji ya kisima aliyoyachora kwa mkono wake mwenyewe yakipanda kidogo kidogo, kutoka kidevuni kwa mama hadi mdomoni, kutoka mdomoni hadi puani, na ndani ya meza mtu akicheka taratibu, na simu ikilia, na dada akilia ndani ya simu, "Kaka, midomo yake imebadilika rangi, fanya unachofanya, fanya haraka!"

Hapo akili ikamruka. Akachukua wembe, ule wa kukwangulia wino ulioharibika, kwa sababu ndivyo mkono wake ulivyozoea kila kazi inapokwenda mrama. Akakwangua macho. Akakwangua pua. Akakwangua mdomo, mpaka karatasi ikabaki nyeupe.

Kicheko kikakoma. Wino ukakauka papo hapo, ukurasa mzima.

"Dada? Anapumua?"

Dada akajibu, kwa sauti ambayo hakuwahi kuisikia kwake.

"Anapumua, kaka. Lakini sijui anapumulia wapi."

Rula akadondosha simu, akashika penseli airudishe sura ile upesi. Akaanza na macho, akasita. Yalikuwa makubwa? Pua je? Ile alama ilikuwa shavu la kushoto au la kulia? Shemeji, Rula angeweza kumchora huku amefumba macho. Lakini mama, Rula alikuwa amemchora mara moja tu, tena kwa kuombwa, na ile moja alikuwa ameikwangua.

Mlangoni dereva akatazama saa. "Mchoraji, umemaliza?"