Stoo ya Mtu wa Nyumbani

Kila Jumamosi Serafina na Lusia walifua pamoja. Mmoja alisugua, mwingine akasuuza. Walisomea ualimu katika chuo kimoja mjini Shinyanga, na huu ulikuwa mwaka wao wa pili kulala chumba kimoja hosteli. Serafina alitoka Ushirombo. Lusia alitoka Songwa, na alikuwa mtu wa maswali. Hata akinunua nyanya alitaka kujua zimevunwa lini. Serafina alimtania kwamba siku ya harusi yake atamhoji padri kabla padri hajamhoji yeye.

Mwezi wa Julai chuo kilifungwa kwa miezi mitatu. Matroni aliwaagiza wanafunzi waondoe kila kitu vyumbani, kwa sababu hosteli ingepakwa rangi. Godoro, tranka, ndoo, jiko, vitabu: nani angebeba vyote hivyo kwenye basi? Wasichana wengi walihangaika. Serafina hakuhangaika. Kule Ngokolo alikuwepo Mzee Pantaleo, mfanyabiashara wa nafaka, mzaliwa wa Ushirombo, aliyesali parokia moja na wazazi wake. Nyuma ya duka lake kulikuwa na chumba kitupu.

Walikwenda kukiona. Sakafu ilikuwa ya saruji, bati zima, mlango wa chuma, dirisha moja dogo. Mzee aliwapa ufunguo mmoja, mwingine akabaki nao, akasema waweke tu vitu vyao, wao ni watoto wake.

Lusia akamnong'oneza mwenzake, "Muulize kama ataweka na vitu vingine humu."

Serafina akamfinya mkono anyamaze. Mtu wa nyumbani haulizwi hivyo. Mzee kawapokea kwa moyo mmoja, halafu umhoji kama mgambo? Ingekuwa aibu, na habari zingefika Ushirombo kabla yake. Akapiga goti, akashukuru, wakaondoka.

Hapo ndipo walipokosea. Walikosea kwa heshima, kama wengi wetu tunavyokosea.

Oktoba ilipofika, chuo kilikuwa kifunguliwe Jumatatu. Lusia alifika Jumamosi mchana. Hosteli ilikuwa imefungwa, mvua inanyesha, na Mzee Pantaleo alikuwa safarini Kahama. Lusia alikuwa na ufunguo. Akaona heri ajipumzishe stoo, kwenye godoro lake mwenyewe. Akamwandikia Serafina ujumbe kwenye simu: "Humu kumejaa magunia ya mahindi. Kunanuka kama dagaa walioharibika. Ni michembe yako?"

Kweli Serafina alikuwa ameacha michembe kwenye ndoo, viazi vitamu vikavu alivyopewa na mama yake. Alicheka peke yake. Akajibu, "Usiitukane michembe ya mama. Vumilia, nakuja kesho."

Lusia hakujibu tena.

Jumapili adhuhuri Serafina alishuka basi, akaenda moja kwa moja Ngokolo. Mlango ulikuwa umefungwa kwa ndani. Aliita mpaka sauti ikakauka. Magesa, fundi baiskeli wa jirani, akauvunja. Lusia alikuwa sakafuni karibu na mlango, ametapika, anapumua kwa shida. Alikuwa amejaribu kutoka. Mama mmoja mpita njia alileta maziwa, akayamimina kinywani mwake. Yakatoka. Wakampakia kwenye bajaji.

Hospitali daktari aliuliza mgonjwa amekula nini, amekunywa nini. Serafina alisema alimkuta tayari ametapika. Kabla jua halijazama Lusia alifariki. Alikuwa na miaka ishirini na miwili.

Kesho yake afisa afya wa kata, Bibi Paskazia, alifika kwenye ile stoo. Aliwasogeza watu mbali, mlango na dirisha vikaachwa wazi kwa muda mrefu. Kisha akaonyesha kopo tupu na unga wa kijivu uliobaki katikati ya magunia. Vilikuwa vidonge vya kufukizia nafaka.

"Mzee Pantaleo aliviweka Alhamisi kuua fukusi," alimwambia Serafina. "Vidonge hivi vikipata unyevu wa hewa vinatoa gesi. Gesi hiyo haichagui fukusi na mtu. Ile harufu ya dagaa uliyoniambia ndiyo dalili yake. Na kuna wakati hainuki kabisa."

"Mbona maziwa hayakumsaidia?"

"Sumu ameivuta kwa pua, maziwa yatafanya nini? Na mtu aliyezidiwa hanyweshwi kitu, atapaliwa. Anatolewa kwenye hewa safi, anakimbizwa hospitali, na daktari anaambiwa ni dawa gani. Hata hivyo, mwanangu, sumu hii haina dawa ya kuiondoa. Kinga ni kutoingia."

Alieleza kwamba kazi hiyo hufanywa na mtaalamu. Ghala huzibwa, huwekwa tangazo la hatari, na hakuna anayeingia mpaka mtaalamu aseme hewa ni salama. Vidonge haviwekwi kwenye chumba cha kulala, wala chumba kinachopakana nacho.

"Lusia alitaka kuuliza," Serafina alisema. "Mimi ndiye niliyemzuia."

Bibi Paskazia hakumfariji kwa uongo. "Basi kuanzia leo uliza wewe," alisema.

Polisi walimchukua Mzee Pantaleo kwa mahojiano. Alirudia neno lile lile: dawa aliuziwa sokoni bila maelezo, na wasichana hakuwaambia kwa kuwa alijua watakuja Jumatatu.

Tranka la Lusia alilipeleka Serafina mwenyewe mpaka Songwa. Mama Lusia alilipokea, akakaa nalo miguuni. Akauliza kwa sauti ya chini, "Ng'wana wane, mwanangu, hamkumuuliza mwenye chumba?"

"Lusia alitaka tuulize, mama. Mimi nilimnyamazisha."

Mama Lusia alijifunika uso kwa kitenge. Hakusema amesamehe, hakusema hajasamehe. Serafina alirudi Shinyanga na jibu hilo hilo.

Julai iliyofuata, wasichana kumi na tisa walimwomba Serafina awatafutie stoo. Safari hii aliuliza. Mwenye stoo ya kwanza alikuwa mtu wa Ushirombo pia. Serafina alipiga goti, akasalimia, kisha akauliza kilichowekwa mle mwaka jana. Ilikuwa dawa ya pamba. Mzee alinuna. Serafina alishukuru na kuondoka, habari zifike Ushirombo zikitaka. Stoo ya pili bati lilivuja. Ya tatu ilikuwa ya Mwalimu Herman, mstaafu, aliyejibu kila swali bila kukasirika. Waliandika makubaliano mbele ya mwenyekiti wa mtaa. Hakitaongezwa kitu bila kuambiana. Hakuna nafaka, hakuna dawa, hakuna petroli. Hakuna kulala. Magodoro yalipangwa juu ya mbao, kila kitu kikaandikwa kwenye daftari, na vyeti kila mtu alirudi navyo nyumbani. Chakula hakikuachwa, hata michembe.

Oktoba mvua zilianza mapema. Msichana mmoja, Blessing, alifika siku mbili kabla ya chuo kufunguliwa, amelowa chapachapa. Alimwomba Serafina, aliyekuwa ametangulia kuja, ufunguo ajinyooshe kidogo stoo.

"Sitoi," Serafina alisema.

Akampeleka kwa Mama Enock, jirani wa chuo aliyekubali kuwapokea wanaowahi. Blessing alilalamika njia nzima. Alipopewa mkeka sebuleni, chini ya dirisha lililo wazi, alilala hapo hapo na kuanza kukoroma.

Serafina alikuwa na nguo za kufua, lakini hakwenda. Alikaa kando ya mkeka akimsikiliza. Blessing akikoroma, alitulia. Akinyamaza, Serafina alimsogezea kiganja puani, mpaka aisikie pumzi yake.